Barua kwa mwanangu: kabla hamjasaini

Chikongola, Mtwara

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika, na ule wimbo mpya nimeusikiliza mchana kutwa. Mama yako anakusalimu sana, anauliza kama unakula vizuri huko Mbagala.

Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, kundi la rap la Hieroglyphics, ambalo umelisikia humu nyumbani tangu hujaanza shule, limewezaje kudumu zaidi ya miaka thelathini bila kuwa na jina kubwa redioni? La pili, kampuni ya muziki ya hapo Dar es Salaam inataka kuwasaini ninyi wanne, inatoa fedha za mkupuo, na wenzako wanakusubiri useme ndiyo au hapana. Nayajibu yote kwa pamoja, maana naona ni swali moja. Hieroglyphics wamedumu kwa sababu kazi zao ni mali yao. Mkataba mliopewa unataka kuwanyang'anya jambo hilohilo.

Mimi niliwajua nikiwa kijana Temeke. Kanda za rap zililetwa na mabaharia na watu wenye ndugu ng'ambo, na kanda moja ikiingia mtaani kila mwenye redio anairekodi. Ndivyo nilivyowasikia Souls of Mischief, vijana wanne wa Oakland, California, mji wa bandari. Albamu yao ya kwanza, 93 'til Infinity, ilitoka mwaka 1993 chini ya kampuni ya Jive. Walikuwa ndani ya kundi kubwa zaidi, ndilo hilo Hieroglyphics, pamoja na Casual, Pep Love, prodyuza wao Domino, na Del the Funky Homosapien, ambaye ni binamu yake mwanarap Ice Cube. Del aliwatangulia kutoka: albamu yake ya kwanza ni ya mwaka 1991, chini ya Elektra.

Utaona basi kwamba hawakuanzia chini. Walianzia kwenye kampuni kubwa wakiwa vijana wadogo. Albamu ya pili ya Souls of Mischief ilitoka mwaka 1995, haikuuza kama kampuni ilivyotaka, wakaachwa. Del na Casual nao wakajikuta hawana kampuni. Vijana waliokuwa wakisifiwa na kila mpenzi wa mashairi mazito wakawa hawana mtu wa kuwalipia studio.

Makundi mengi huishia hapo. Hawa walikaa chini wakaanzisha lebo yao, yaani kampuni yao wenyewe ya kutoa muziki, Hieroglyphics Imperium. Katikati ya miaka ya 1990, wakati watu wengi duniani hawajaiona intaneti hata kwa macho, wao tayari walikuwa na tovuti yao, wanauza kanda na fulana moja kwa moja kwa msikilizaji. Zile fulana zina uso wenye macho matatu na mdomo ulionyooka, alama aliyoichora Del mwenyewe. Mwaka 1998 wakatoa 3rd Eye Vision, albamu ya kwanza ya kundi zima, kwa lebo yao. Ya pili, Full Circle, ikafuata mwaka 2003. Mwaka 2012 walianzisha tamasha lao mjini kwao Oakland, linaloitwa Hiero Day. Hawajawahi kuwa matajiri wa kutisha. Lakini wanapanda jukwaani na nyimbo zao, na nyingi za nyimbo hizo zikipigwa au zikiuzwa, hesabu inarudi kwao.

Nilikuwapo pia wakati wa Kwanza Unit, kundi la rap la hapa kwetu, na hao nawaheshimu kwa moyo wote. Walijikusanya mwaka 1993 pale Dar es Salaam kutoka kwenye vikundi vidogo vidogo, wakaanza kwa kuchana Kiingereza, kisha wakageukia Kiswahili. Albamu ya Kwanzanians ya mwaka 1999 ni kazi ambayo kila anayeshika maiki Tanzania anapaswa kuisikia. Ila walifanya kazi katika nchi ambayo haikuwa imejipanga kumlipa msanii. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki yenyewe ni ya mwaka 1999, na COSOTA, chombo cha kusajili na kulinda hakimiliki, imezaliwa na sheria hiyo. Kabla yake na hata baada yake, msambazaji alikuwa anaweza kumpa msanii fedha za mara moja, akabaki na kanda mama, akachapa nakala kadiri atakavyo. Msanii hana njia ya kujua zimeuzwa ngapi. Watu wenye kipaji kile, waliofungua njia waliyopita wengine wote, wengi wao walitafuta riziki kwingine. Rhymson, mmoja wao, alihamia Canada. Nikilifikiria hilo naumia mpaka leo.

Sasa tuje kwenye mkataba wenu. Unasema kampuni itagharamia studio, video na matangazo, nanyi mtapata asilimia kumi na tano ya mapato. Wewe umeona neno «itagharamia» ukafurahi. Mimi miaka yote niliyokuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika kazi yangu ilikuwa kusoma makaratasi, na jicho langu limekwenda kwenye kifungu cha chini yake: gharama zote zitarudishwa kutoka kwenye fungu la msanii. Piga hesabu nami. Tuseme wametumia milioni 20. Fedha hizo hazikatwi kwenye mapato yote, zinakatwa kwenye ile asilimia kumi na tano yenu. Ili asilimia kumi na tano ifike milioni 20, nyimbo zenu lazima ziingize zaidi ya milioni 133. Hapo kampuni imeshachukua milioni 113 za fungu lake, imerudishiwa na zile 20, na ninyi wanne bado hamjagusa shilingi zaidi ya ule mkupuo wa mwanzo. Nao mkupuo, ukisoma vizuri, umehesabiwa ndani ya gharama.

Hiyo ni kangomba, mwanangu, ile biashara ya kununua korosho za mtu kabla hazijavunwa. Umekulia huku, umewaona wakulima wenye shida ya ada au ya msiba wakichukua hela ya chomachoma wakati mkorosho unatoa maua, na Oktoba ikifika mzigo wote unapimwa kwa chombo cha mwenye hela. Tofauti ni kwamba mkulima hupoteza mavuno ya msimu mmoja, na mkorosho unabaki wake. Kifungu cha tisa cha mkataba wenu kinasema masta, yaani rekodi mama, za nyimbo zote zitakuwa mali ya kampuni milele. Hapo mnauza na mti.

Sisemi kila kampuni ni mwizi. Wenye redio, wenye majukwaa na wenye fedha wapo, na mtawahitaji. Ila kuna namna ya kushirikiana nao bila kuwapa kila kitu. Mwaka 2000 Del alitoka akatengeneza kundi lingine, Deltron 3030, na mwaka 2001 sauti yake ikasikika dunia nzima kwenye wimbo wa Clint Eastwood wa kundi la Gorillaz. Hakuvunja undugu na wenzake kwa sababu hiyo. Alikwenda, akafanya kazi, jina likakua, na ile albamu ya pili ya Hieroglyphics ilipotoka miaka miwili baadaye naye yumo. Kwa hiyo kampuni ikimtaka mmoja wenu kwa wimbo mmoja, aende, kwa mkataba wa wimbo huo mmoja. Ikitaka kusambaza albamu yenu, iwape mkataba wa kusambaza, wenye miaka inayohesabika, na masta zibaki kwenu.

Lakini nikuulize na mimi. Hizo masta za sasa ni za nani? Ninyi wanne mmeandikiana nini? Yule anayetengeneza midundo anahesabiwa vipi, na aliyeandika kiitikio je? Mmoja akioa akahamia Nachingwea akaacha muziki, jina la kundi linabaki na nani? Umeniambia mnaaminiana, na najua ni kweli, mmecheza pamoja tangu mko uchi. Ndiyo maana nataka muandikiane sasa, mkiwa hamna cha kugombania. Kaeni siku moja, kila wimbo uandikwe nani kafanya nini na anapata fungu gani, wote wanne msaini, kisha mkazisajili kazi COSOTA. Sheria yetu inalinda kazi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Wajukuu zangu wamo kwenye karatasi hiyo.

Na kuna watu wengine ambao hukuwataja. Kwenye wimbo mpya nimesikia ngoma za sindimba. Nimezijua, ni wale wazee wa Newala mliowarekodi mwaka jana kwenye jando. Ule mdundo wa Souls of Mischief ninaoupenda kuliko yote umejengwa juu ya kipande cha Billy Cobham, mpiga ngoma wa jazi, na jina lake limeandikwa kwenye wimbo, linasomeka. Wazee wale nao waandikwe na wapewe fungu. Ninyi mnaogopa kuibiwa na mtu wa Dar es Salaam, basi asiibiwe mtu wa Newala.

Kuhusu masomo, mama yako amenisisitiza nikuandikie. Tajai wa Souls of Mischief alisoma Stanford, chuo kigumu kuingia kuliko vingi duniani, na hakuacha kuchana. Umebakiza mwaka mmoja chuoni. Maliza.

Najua fedha ya studio hamna. Nimezungumza na mama yako, tuna akiba kidogo ya korosho za msimu uliopita, tunaweza kuwakopesha ya kurekodia nyimbo mlizobakiza. Ni mkopo wenye karatasi, mtaurudisha mkianza kuuza, na sitaki fungu kwenye wimbo hata mmoja. Fulana tengenezeni chache kwanza, mzijaribu hapa Mtwara na Masasi, kwa watu wanaoyajua mashairi yenu kwa kichwa. Siku mliyopiga pale uwanja wa Nangwanda niliwaona vijana wa bodaboda wakiimba nanyi mstari kwa mstari. Hao ndio wa kuanza nao.

Nitumie mkataba wote, kurasa zote na viambatisho vyake, ulizonipigia picha ni nusu tu. Nitakwenda nao kwa wakili mjini wiki hii. Wajibu hao watu kwa adabu kwamba mnausoma na wazazi, na mpaka nikupigie simu asisaini mtu.

Ni mimi baba yako.