Kamera za vizimba vya samaki Dunga: betri zinaisha mapema

Ndugu, nimekuelewa: kamera zako 6 zinazolinda vizimba vya samaki karibu na Dunga, kando ya Ziwa Victoria huko Kisumu, hubana video kwa H.264 (mbinu ya kupunguza ukubwa wa video) na kuituma kwa ZigBee (redio ya masafa mafupi inayotumia umeme kidogo), betri huisha kabla ya siku 2, na picha hufika zimevunjika.

H.264 huilazimu kamera kulinganisha fremu (picha moja moja za video) na nyingine ili kutafuta kilichosogea, kazi inayokula umeme mwingi. Tena pakiti moja (kifurushi cha data) ikipotea njiani, doa lake huendelea hadi fremu kamili nyingine ifike. ZigBee nayo hubeba kilobiti 250 tu kwa sekunde, ambazo kamera zote zinagawana. Ningekushauri ubane kila fremu peke yake kwa JPEG (mbinu ya kubana picha za kawaida), kwa upana wa pikseli 320. Kila fremu itakuwa nzito kuliko sasa, kwa hiyo tuma 1 tu kwa sekunde, na kamera ilale hadi iamshwe. Usiiamshe kwa kulinganisha picha, kwa maana magugu maji yakipita na mawimbi yakimetameta utapokea video usiku kucha. Tumia kihisi cha joto la mwili.

Mbinu ya kubana data ya watafiti Wyner na Ziv ya 1976, inayohamishia hesabu nzito kwa mpokeaji, inavutia, lakini mara nyingi mpokeaji hulazimika kuomba data ya ziada, na hapo ucheleweshaji huongezeka. Iache kwanza.

Ukiongeza betri za lithiamu na sola, mwite fundi wa umeme aliyesajiliwa: maji yakiingia ndani, zinaweza kuwaka moto.