Baada ya ndege ya kujifunzia, ninunue Mustang?

SWALI: Fundi, habari. Nimerusha ndege yangu ya kwanza ya umeme kwa miezi minne, hapa nje ya Eldoret. Ni ile ya bawa la juu, na rimoti yake inaongoza vitu vitatu tu: mota, kupanda na kushuka, na usukani wa mkia. Siku hizi siiangushi. Sasa nimepata Mustang, mfano wa ile ndege ya kivita ya zamani, yenye bawa la mita 1.2, magurudumu yanajikunja yenyewe. Ninunue? Na betri zangu za seli 2 zitaifaa?

JIBU: Ndugu yangu, usiinunue bado.

Ndege uliyo nayo inakusaidia kuliko unavyodhani. Mabawa yake yameinuka kwenye ncha, kwa hiyo ukiachilia vidole inajinyoosha yenyewe. Ndege ya eleroni, yaani vile vibapa vya nyuma ya bawa, ukiilaza inabaki imelala mpaka wewe uirudishe. Hilo utalizoea kwa wiki chache. Kinachonitia hofu ni bawa la Mustang, linalozidi kuwa jembamba kuelekea nchani. Ukikata kona ya mwisho ya kutua, mwendo umepungua, nawe ukavuta kijiti cha rimoti kidogo tu ili isishuke, ncha ya upande mmoja huacha kubeba kabla ya nyingine. Ndege inapinduka papo hapo. Ikiwa mita 10 juu ya ardhi, hakuna vidole vitakavyoiwahi. Nimeokota vipande vya Mustang za wanafunzi wangu, na karibu zote ziliangukia pale pale, kwenye kona ya mwisho.

Halafu kuna Eldoret yenyewe. Mko kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yenu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 20. Ndege ile ile inahitaji mwendo zaidi kwa kama asilimia 10 ili ibaki angani, na propela nayo inapata hewa kidogo ya kusukuma. Video unayoiona ikitua taratibu pengine ilipigwa karibu na bahari. Kwako itaingia uwanjani kwa kasi zaidi, na jua la saa nane linaongeza tatizo, maana hewa ya joto ni nyepesi zaidi.

Kwa hiyo kabla ya sura, uliza uzito. Chukua gramu za ndege ikiwa na betri yake, gawa kwa eneo la bawa kwa desimita za mraba. Bawa la mita 1.2 lenye upana wa sentimita 20 ni desimita za mraba 24. Ndege ikiwa na gramu 960, kila desimita inabeba gramu 40, na hapo unaweza kupumua. Ikifika gramu 1,400 unakaribia 60, na kwa mwinuko wenu nisingempa mtu wa miezi minne.

Ningekuchagulia T-28 Trojan ya mita 1.1 hivi, ya povu, yenye magurudumu yasiyokunjwa. Ile halisi iliundwa na North American, kampuni ile ile ya Mustang, kwa ajili ya kufundishia marubani. Bawa liko chini kama la Mustang unayoitaka, lakini limeinuka nchani na ni pana. Gurudumu la mbele linaizuia isidondokee pua. Ila kama uwanja wenu ni majani yanayofika kwenye kifundo cha mguu, chukua Cub, mfano wa ndege ndogo ya bawa la juu, ya eleroni na yenye matairi makubwa. Magurudumu yanayojikunja kwenye majani hung'oka na kipande cha bawa.

Betri za seli 2 hazitafaa. Ndege za ukubwa huu kwa kawaida hutaka seli 3, volti 11.1, mAh 2200 (kipimo cha umeme ambao betri inahifadhi). Ichaji kwa ampia 2.2 kwa chaja inayosawazisha seli, na kama hurushi wiki hiyo, iache kwenye volti 3.8 kwa kila seli.

Kwanza waulize KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, kuhusu kibali, na ukae mbali na uwanja wa ndege. Siku ya kwanza nenda alfajiri, upepo haujaamka. Kwenye rimoti, punguza kiasi ambacho eleroni zinasogea, panda juu kabisa, kata mota, kisha vuta taratibu hadi uone bawa linaacha kubeba. Rudia mara tano. Usiteremke kutua kabla hujaujua mwendo huo kwa macho.