Tuzo ya polisi itoke kwa wazee wa jeshi, ila ianzie kijijini

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama maveterani wetu wa Uganda nao waanze kutoa tuzo kwa polisi bora kama wenzao wa Marekani. Mimi nasema ndiyo, tena mia kwa mia, ila tuangalie inaanzia wapi manake tukikosea hapo itaishia kwa maafande wakubwa tu.

Kule Marekani kuna chama kinaitwa Veterans of Foreign Wars, kipo tangu 1899, kinatuza polisi, zimamoto na wale wa huduma ya dharura. Nachopenda mimi, tawi la mtaani ndo linachagua kwanza, wale wazee wanaoishi na huyo askari, alafu jina linapanda jimboni mpaka taifa. Sisi huku kila kitu kinashuka toka Kampala.

Mimi niko Bombo, mji wa kambi ya jeshi, wazee wa jeshi ni majirani zangu, wapo wa wakati wa Amin, wapo wa UNLA, jeshi la baada ya Amin, wapo wa NRA, jeshi la Museveni, waliopunguzwa jeshini kuanzia 1992, na wengine pensheni wanafuatilia mpaka leo. Hao huhitaji kuwaeleza maana ya kulala kwenye uniport, ile nyumba ya bati ya duara wanayopewa polisi, jua la saa nane ndani ni tanuri. Na askari mbaya wanamjua, huwezi kuwapumbaza kwa saluti.

Sasa nani atuzwe? Kuna koplo mmoja, mwanamama wa dawati la watoto na familia. Usiku mama mmoja kaja na mtoto kapigwa na baba wa kambo, mkono umevimba, na mama hana hata shilingi. Koplo akatoa ile fomu PF3, ya polisi ya kupimwa majeraha na daktari, akajaza hapohapo kaunta, akaita boda akalipa mwenyewe, wakapanda wote mpaka hospitali na hakuondoka mpaka daktari kasaini fomu, asubuhi yuko zamu tena kama kawaida. Hakuna redio iliyomtaja! Kwa kweli inaniuma.

Na yule anayekupa bondi, yaani kumtoa mtu seli kwa dhamana ya polisi, bila kukuomba kitu, huyo pia. Bondi ni bure, imeandikwa mpaka ukutani, lakini kuna vituo unasoma hilo tangazo huku unaambiwa ulete pesa ya karatasi, na wewe ndugu yako yuko seli utabisha nini, unatoa.

Kwa hiyo majina yatoke kwa LC1, yaani mwenyekiti wa kijiji, kwa wamama wa sokoni, kwa vijana wa steji ya boda. DPC, mkuu wa polisi wa wilaya, asiguse hiyo listi. Mimi ningesema tuzo iwe ya konstebo mpaka sajenti, basi, wa juu wana medali zao. Na kabla ya kumpa mtu, jina libandikwe sabukaunti mwezi mzima, kama kuna aliyepigwa na huyo askari aje aseme mbele ya wazee, na wazee wamsikilize kweli.

Cheti peke yake hakitoshi. Wazee waandike barua, iingie kwenye faili ya askari ili siku ya promosheni isomwe. Na wampe hiyo tuzo 9 Juni, Siku ya Mashujaa, palepale kwenye uwanja wa sabukaunti yake, watoto wake wakiwepo.