Pima soketi kwanza, habari ya waya baadaye

Mkuu, usilipe hiyo laki sita. Umeuliza kama waya mnene wa umeme, ule muuzaji anaokutajia kwa bei hiyo, utaboresha sauti ya amplifaya yako. Nakujibu nikiwa bado na kinyongo, kwa sababu maneno uliyoambiwa na huyo muuzaji ndiyo yale yale niliyoambiwa mimi, hadi lile la "umeme msafi".

Waya wa kawaida wa shaba wa milimita za mraba 1.5 wenye urefu wa mita moja na nusu, ukihesabu kwenda na kurudi, una ukinzani, yaani ugumu wa kupitisha umeme, wa takriban omu 0.036. Amplifaya yako ikivuta ampea 2, ambazo si haba kwa sebule, waya huo unapoteza volti 0.07 kati ya 230, kwa hiyo hata ungeuziwa waya usio na ukinzani kabisa, faida yako ingekuwa hiyo hiyo volti 0.07. Tena umeme wa ukutani hauendi kwenye spika. Transfoma ya amplifaya inaushusha, dayodi zinaugeuza uwe wa DC, yaani wa mkondo mmoja kama wa betri, kapasita zinauhifadhi, na muziki unachotwa huko kwenye kapasita. Umeme uliotoka kwenye mabwawa ya Kidatu au Rufiji, ukashuka kwenye transfoma ya nguzo ya mtaa wenu na kuingia sebuleni kwa nyaya zilizolazwa na fundi ambaye hata mwenye nyumba hamkumbuki, hauwezi kutakaswa na mita moja na nusu ya mwisho eti kwa kuwa imevishwa nailoni ya kusukwa.

Hesabu hiyo mimi sikuipiga. Nilikaa kwenye kiti cha mteja huko Kariakoo, soda mkononi, nikasikilizishwa wimbo mmoja kwa waya wa kawaida, kisha amplifaya ikazimwa, waya ukabadilishwa na wimbo ukarudiwa. Kwenye kioo cha amplifaya namba ya sauti ilikuwa 32 mara ya kwanza na 35 mara ya pili. Niliiona, nikanyamaza, nikasema moyoni kwamba kweli besi imekaza. Sauti ikiongezwa kidogo tu, sikio huichukua kuwa bora wala halitambui kwamba imeongezwa, na yule bwana alilijua hilo vizuri kuliko alivyojua umeme. Nilizaliwa Ilala, nimekulia Ilala, na bado nikaingizwa mjini kwa laki saba na nusu.

Ingeishia hapo ningekaa kimya na aibu yangu. Kilichonigharimu ni ushauri wa nyongeza ambao ulitolewa bure. Nilimwambia kwamba nyumbani amplifaya imechomekwa kwenye stabilaiza, kile kifaa cha kutuliza volti, akacheka kidogo kama daktari anayemwonea huruma mgonjwa, akasema, "Kaka, hiyo stabilaiza inaibana pumzi amplifaya yako. Chomeka moja kwa moja ukutani, waya huu utafanya kazi yote." Nikaitoa, nikampa shemeji yangu, anayekaa nyumba ya uani, aitumie kwenye friji.

Jioni moja taa za sebuleni ziligeuka nyeupe ghafla na feni ikaanza kuzunguka kana kwamba inataka kung'oka darini. Waya wa nyutro, ule wa kurudishia umeme, ulikuwa umekatika kwenye nguzo. Mtaa unaopata umeme wa fezi tatu, yaani nyaya tatu zenye moto, ukipoteza nyutro, nyumba zilizo kwenye fezi tofauti hujikuta zinagawana volti 400 badala ya kila moja kupata 230 zake, na nyumba iliyowasha vifaa vichache ndiyo hubebeshwa sehemu kubwa. Yangu ilikuwa imewasha vifaa vichache. Nilisikia mpasuko mmoja, halafu ikaja ile harufu ambayo kila mwenye vifaa vya umeme anaiogopa.

Fundi alipofungua mfuniko alinionyesha kapasita mbili kubwa zilizovimba vichwa, na varista, kidude cha bluu cha kukinga umeme uliopanda, chenye ukubwa wa kifungo cha koti, kikiwa kimepasuka katikati na masizi yametapakaa kwenye bodi. Matengenezo yalinila zaidi ya bei ya waya. Waya wenyewe ulikuwa mzima kabisa, haukuwa hata na mkwaruzo, hivyo siwezi kuutuhumu kwamba haudumu. Friji ya shemeji nayo ilipona, kwa kuwa stabilaiza yangu ilikata umeme ulipopanda, ikasubiri hadi ulipotulia. Hadi leo akinipa maji baridi huniuliza kama muziki haujambo.

Stabilaiza yenye ukubwa wa kutosha haimbani mtu pumzi. Kinachobana ni umeme mdogo. Amplifaya ya transfoma ya kawaida ikipewa volti 195 badala ya 230, nguvu yake ya juu kabisa hushuka kwa zaidi ya robo, na hakuna waya utakaozirudisha volti ambazo hazikufika kwenye soketi.

Mvumo kwenye spika, ambao ndio ulionipeleka dukani, ulikuwa unatoka kwenye king'amuzi. Fundi alichomoa waya wa dishi, mvumo ukaisha; tukahamishia king'amuzi na amplifaya kwenye ekstensheni moja, na waya wa dishi uliporudishwa mvumo ukabaki kidogo sana. Mtu akikushauri ukate waya wa ethi, ule wa usalama unaoshuka ardhini, ili kuuondoa mvumo, mfukuze.

Kwa hiyo nunua multimita, kile kipimo cha volti, au mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kama hujazoea kugusa soketi, na upime saa mbili usiku wakati mtaa mzima umewasha vitu, si saa nne asubuhi. Kati ya fezi na nyutro utafute kitu kilicho karibu na 230. Kati ya nyutro na ethi isome volti chache tu. Ikisoma makumi, au kati ya fezi na ethi isipokaribiana na ile ya fezi na nyutro, ethi au nyutro yako ina matatizo na hilo linakuja kabla ya muziki. Waya ulionao ukague kama unapata moto, kama plagi inacheza, na kama ndani ni shaba kweli: kwangua uzi mmoja kwa kisu, ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa, ibadilishe kwa waya wa shaba wa 1.5 na plagi yenye fyuzi. Usiku ukisoma chini ya 200, peleka ile laki sita kwenye stabilaiza. Taa zikipanda na kushuka zenyewe, zima swichi kuu na uwapigie mafundi wa dharura usiku huo huo. Ukishapima, weka namba zako hapa tuzione, na huyo muuzaji mwambie umesafiri.