Kurekodi kinanda cha mabomba kabla mafundi hawajakifungua

SWALI: Habari fundi. Mimi hupiga kinanda kanisani hapa Nairobi. Kinanda chetu cha mabomba kinafunguliwa mwezi ujao kwa ukarabati na mchungaji anataka turekodi kabla na baada, watu wasikie tofauti. Simu si inatosha? Ama nitafute maiki, na niziweke wapi?

JIBU: Poa sana mwalimu. Simu achana nayo. Inajipandishia sauti na kujishushia yenyewe, ukipiga stopu laini (stopu ni safu ya mabomba yenye sauti ya aina moja) inaongeza, ukifungulia zote inapunguza, mwishowe kila kitu kinatoka saizi moja. Na noti ya chini kabisa ya bomba la futi 16 ni kama hezi 32, huko maiki ya simu karibu haisikii kitu.

Tafuta rekoda ya biti 24 na maiki mbili za omni, zile zinashika pande zote, sababu zile za upande mmoja zikikaa mbali hupoteza besi. Zipandishe kwa stendi ndefu, ziachane kama sentimita 60. Umbali ambia mtu akupigie kinanda huku ukitembea, masikio yatakuonyesha pa kusimama. Fungulia stopu zote, weka kilele cha sauti kwa rekoda karibu na desibeli -12, alafu hiyo nobu ya kiwango cha sauti usiiguse tena hata ukifika kwa stopu ya kunong'ona.

Weka alama ya tepu sakafuni na uandike urefu wa stendi. Mimi niliwahi kuacha zangu mahali, Jumamosi kukawa na harusi, watu wa mapambo wakazisukuma kando, na hadi leo siwezi kusema kama ni kinanda kilibadilika ama ni maiki zilihama.

Lakini kitu yenye watu husahau kabisa ni joto. Mabomba ya filimbi hupanda kama senti 3 kwa kila digrii (senti 100 ni nusutoni moja), yale ya ulimi, yenye kibati kinachotetemeka ndani, yanabaki karibu palepale, so ukirekodi "kabla" asubuhi ya Julai na "baada" mchana wa Februari, kanisa likitofautiana digrii 8 tu hiyo ni senti 24, robo ya nusutoni, na washirika watasema fundi ameharibu. Beba themometa, soma namba kwa sauti mwanzo wa kila faili.

Pia pasua puto mahali pamoja kabla na baada, urekodi mwangwi wa kanisa. Wakiweka kapeti mpya mwangwi utabadilika na kinanda kitalaumiwa bure.

Njoo usiku, matatu zikipungua. Rekodi feni ya upepo peke yake dakika moja, kisha kila stopu pekee, noti kwa noti, shikilia sekunde chache, achilia, ngoja mwangwi ufe. Inachosha, lakini mabomba yakishabebwa karakana huwezi kurudi nyuma. Na ukipata noti inalia yenyewe ama stopu inakoroma usiiruke, hiyo ndiyo mnamlipa fundi atengeneze.