Birika na hita kuota ukoko mweupe Unguja: kabla hujanunua chujio, jua kama ni chokaa au chumvi

Mkuu, umesema tangu uhamie Unguja kutoka Dar birika la umeme limeota ukoko mweupe, shawa inatoa maji kwenye matundu mawili matatu tu, na fundi amekuambia "maji ya huku yana chumvi, weka chujio". Kazi yangu ni hita na mabomba hapa mjini, kwa hiyo ngoja nikujibu kabla hujatoa hela.

Fundi wako kachanganya mambo mawili. Sehemu kubwa ya kisiwa hiki ni mawe ya matumbawe. Mvua ikinyesha, maji yanazama udongoni, yanachukua hewa ya kaboni humo, yanapata ukali kidogo na kuanza kuyala yale mawe polepole. Yakifika kisimani yanang'aa, lakini yamebeba kalisi, ndiyo hiyo chokaa. Ukiyachemsha, ile hewa inatoka na kalisi inaganda palipo na moto mkali zaidi, yaani kwenye koili. Kwa hiyo huo ukoko ni jiwe limerudi kuwa jiwe, safari hii ndani ya birika lako. Kama Dar ulikuwa unapata bomba la Ruvu, hayo ni maji ya mto, ndiyo maana mambo haya ni mageni kwako.

Chumvi ni habari nyingine. Chini ya kisiwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yanaelea juu ya maji ya bahari. Kisima kikiwa karibu na ufuo, au pampu ikivuta kupita kiasi, bahari inapanda. Ndiyo maana visima vingi vya Paje na Jambiani unavisikia kwenye ulimi. Chokaa huwezi kuionja hivyo.

Pima mwenyewe. Banza kipande cha ukoko, weka kwenye kisahani, kamulia ndimu. Kikitoa vipovu na kuanza kumomonyoka, hiyo ni chokaa. Chumvi haingoji ndimu, inayeyuka kwa maji matupu.

Kwa nini nasisitiza hili? Kwa sababu ya shawa za umeme, zile zinazopasha maji hapo hapo unapooga. Nyingi za bei rahisi koili yake iko uchi ndani ya maji. Maji ya chumvi yanapitisha umeme kuliko maji yasiyo na chumvi, basi ukigusa bomba unasikia vidole vinachonyota, na koili yenyewe haidumu. Zipo shawa zilizotengenezwa kwa maji ya chumvi, koili yake imevishwa ala. Kama maji yako ni ya chumvi nunua hiyo, na usikubali ifungwe bila waya wa ethi, ule unaopeleka umeme ardhini. Hapo ndimu haikusaidii kitu, na chujio pia.

Ikiwa ni chokaa, wa kumwonea huruma ni hita ya tangi. Juzi nimefungua moja ya nyumba ya wageni, wenyewe wanalalamika bili ya umeme imepanda na tangi linanguruma usiku. Koili haikuonekana, imevikwa gamba jeupe nene kuliko kidole, na magamba mengine yamelala chini hadi kuziba tundu la kutolea maji. Koili ikifunikwa hivyo joto halifiki kwenye maji, inajipasha yenyewe mpaka inapasuka. Ile fimbo ya magnesiamu, ambayo kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya tangi, ilikuwa imebaki waya tu. Wengi hawajui hata kama ipo! Mwambie fundi aitazame kila mwaka, amwage uchafu wa chini, na thermostati, yaani kidhibiti joto, isipite nyuzi 60, maana juu ya hapo chokaa inaganda kwa kasi.

Birika ni rahisi. Maji nusu, siki kikombe kimoja au ndimu za kutosha, pasha bila kuchemsha sana, acha mpaka yapoe, mwaga, suuza. Asidi ya sitriki ya unga, ile wanayouza maduka ya vifaa vya keki, inafanya kazi vizuri zaidi na haina harufu. Kichwa cha shawa kifungue ukiloweke kwenye bakuli la siki, kisha vitundu uvisugue kwa mswaki wa zamani. Usikilaze humo usiku kucha, rangi ya kung'aa itabanduka. Na tafadhali, wapo mafundi wanaotumia maji ya betri, ile asidi kali, kwa kazi hii. Mfukuze. Siki nayo usiichanganye na Jiki, inatoa hewa ya sumu.

Sasa hilo chujio. Yale ya uzi au sponji yanazuia mchanga na tope, chokaa iliyoyeyuka inapita kama kawaida. Mashine za kulainisha maji kweli zinaondoa kalisi na kuweka sodiamu mahali pake, lakini lazima uzilishe chumvi mara kwa mara, na maji ya chumvi hayawi matamu kwa mashine hiyo. Kwa hoteli sawa. Kwa nyumba ya kupanga, mimi nisingenunua. Kama unataka uhakika peleka maji yapimwe. Ugumu, yaani kiasi cha chokaa iliyoyeyuka, ukizidi miligramu 180 kwa lita yanahesabiwa magumu sana. Na usiogope kunywa, Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya kwa ugumu wa maji.

Mashine ya kufulia usiiwaze sana. Wengi wetu tunafua kwa maji baridi, na chokaa inataka moto. Kinachoziba pale ni mchanga kwenye kichujio kidogo nyuma ya mpira wa maji, kichomoe ukisafishe. Kanzu zikianza kufubaa, acha sabuni ya mche, inaganda na kalisi na kuacha utando kwenye nguo. Tumia ya unga.

Pasi ya mvuke ndiyo ipewe maji ya mvua, hasa kama kuna mabuibui ya kupiga, kwani ikitema unga mweupe kwenye nguo nyeusi utasikia maneno nyumbani. Masika weka madumu chini ya paa, mvua ya mwanzo iache ioshe bati kwanza. Wapo wanaokinga yale yanayodondoka kwenye kiyoyozi. Hayana chokaa kweli, lakini yana vumbi na ukungu, mimi siyatii kwenye pasi yangu.