Droni ikikupa onyo la anga, soma kwanza ndo ubonyeze

Wadogo zangu mnaoanza kurusha droni kwa ajili ya harusi na video za viwanja, naona wengi mnayachukulia maonyo ya anga, yale ya kwenye apu ya droni kwamba hapo ulipo kurusha kumezuiwa au kuna tahadhari, kama meseji za promosheni, yakitokea tu mtu kashabonyeza sawa anaendelea na mambo yake. Na mimi nilikuwa hivyohivyo.

Sisi tunaorusha droni za kampuni ya DJI, ramani ya kwenye apu ina rangi. Nyekundu hupaishi, mota hazizunguki hata uvute vijiti vipi. Bluu imefungwa ila unaweza kuifungua mwenyewe kwa akaunti iliyothibitishwa, ukikubali kwamba lolote litakalotokea ni juu yako. Njano na chungwa ni tahadhari. Sasa kuna kijivu, hii ndo inadharaulika na ndo iliyonitoa jasho. Maana yake unaruhusiwa kupaa ila kuna kikomo cha urefu, na mara nyingi inakaa kwenye njia ambayo ndege zinashukia na kupaa uwanjani.

Nilikuwa na kazi ya jengo moja refu hapa Dar, apu ikaandika kikomo mita 60, nikabonyeza sawa fasta maana mteja kasimama pembeni na jua linazama. Urefu wa kurudi nyumbani, yaani ule ambao droni inautumia kujirudia yenyewe ikipoteza signo ya rimoti, nilishauseti mita 100 tangu asubuhi nikajua niko salama, kumbe kikomo kinabana na hiyo pia. Nikaizungusha nyuma ya jengo, signo ikakata, droni ikaanza kurudi yenyewe kwa mita 60 ileile na jengo limepita hapo. Sensa za mbele ndo ziliniokoa, ikasimama mbele ya vioo, mimi nakimbia kuzunguka jengo na rimoti mkononi, signo iliporudi kwenye skrini nikamuona dada ndani ya ofisi kashika kikombe anaitazama. Betri asilimia 19. Mikono ilikuwa inatetemeka mpaka nashusha.

Kwa hiyo ukiona kijivu soma namba, halafu angalia kitu kirefu kuliko vyote hapo, ghorofa, mnara wa simu, minazi, chochote. Kikiizidi ile namba usipeleke droni nyuma yake, na kwenye mipangilio ya signo kukatika badilisha, badala ya kurudi nyumbani weka ielee palepale, wewe ndo uifuate.

Lingine, ile ramani ni ya kampuni, siyo sheria ya nchi. Kambi ya jeshi inaweza isiwe na rangi yoyote na bado ukirusha hapo umejitafutia kesi. Januari 2025 DJI waliondoa kufuli Marekani, sehemu zilizokuwa haziruki sasa zinatoa onyo tu, lakini sheria za kule za anga zipo palepale. Huku kwetu kibali ni TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na Wizara ya Ulinzi, ukienda hifadhini lazima TANAPA, wale wa hifadhi za taifa, nao wakuruhusu, na wenzetu Kenya mamlaka yao ya anga ni KCAA.

Na kibali chenyewe hakifungui droni jamani! Hili limewaumiza wengi. Unakuwa na karatasi ya TCAA mfukoni na mota bado zimegoma, kwa sababu inatakiwa utume maombi DJI mtandaoni na hicho kibali, sehemu na tarehe, wakikubali wanakupa leseni ya kufungua, unaishusha, unaiingiza kwenye droni na kuiwasha hiyo leseni. Fanya nyumbani kwenye intaneti nzuri siku kadhaa kabla, siyo bwana harusi kashafika na bando linasuasua.

Zanzibar muwe makini zaidi. Uwanja wa Kiembe Samaki ni kilomita chache tu toka Mji Mkongwe na vile videge vidogo vya Dar vinaingia kutwa nzima. Ukisikia mlio shusha droni hapohapo usisubiri mpaka uione ndege, maharusi waambie wasubiri dakika tano, shoti utaipiga tena ikishapita.